Kirikuu ya Mbweni

Mbagala Kizuiani,
Dar es Salaam.
2 Machi, 2024

Baba mdogo Venance,

Shikamoo baba. Na mama mdogo Herieth mpe shikamoo yangu. Nasikia goti la kushoto limemrudia, na kwamba amekataa kwenda hospitali mpaka amalize kubangua korosho. Mwambie korosho hazikimbii. Sie huku wazima. Mkweo Edgar yupo bandarini, mwezi huu anaingia zamu ya asubuhi. Anna yuko kidato cha pili na amenipita kwa urefu, basi ananitazama kama vile mie ndiye mtoto.

Nimeamua kuandika kwa sababu nilipokupigia Jumapili nilikuuliza hali ya mama mdogo, ukanijibu kwamba mvua imenyesha vizuri. Nikajua masikio ndiyo hivyo tena. Meseji huzisomi, unasema herufi za simu ni za mchwa. Barua hii nampa kondakta wa basi la Masasi, ataiacha kwenye lile duka la stendi.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu Novemba nawapikia mafundi wanaojenga nyumba za kulala wageni kule Kimbiji. Watu sitini na wawili, chakula cha mchana, siku sita kwa wiki. Napika hapa nyumbani, napeleka kwa bajaji. Lami ikishaisha, mashimo yanaanza. Wiki iliyopita sufuria la maharage limepinduka lote, mafundi wakala wali na kachumbari, na huo wali wenyewe umepoa. Msimamizi wao, Brightson, hakunigombeza. Alitazama saa yake akasema, "Mama Anna, mkataba wako tutauangalia upya mwisho wa Juni." Heri angenigombeza.

Kwa hiyo nataka kununua kirikuu, hivi vigari vidogo vya mizigo. Mpya siwezi, nanunua iliyotumika, na nimeshaipata. Iko Mbweni, kwa mama mmoja mwenye uwezo wake, alikuwa anabebea maua ya bustani. Naambiwa haijawahi kupata hata mchubuko.

Wewe umelala chini ya magari miaka thelathini na moja. Niambie nitazame nini.

Mwanao,
Eufrazia

Masasi,
21 Machi, 2024

Mwanangu Eufrazia,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na nane kunifikia. Kumi na mbili kati ya hizo ilikaa dukani chini ya kopo la sukari, kwa sababu mwenye duka alidhani ni ankara ya umeme. Mama mdogo wako ameisoma habari ya korosho akasema uje ubangue wewe. Goti limevimba, lakini anatembea. Paa la jiko tumeliezeka upya. Watoto wetu wote wawili ni wazima, Gregori bado yuko Songea, Sesilia amejifungua mtoto wa kiume Newala.

Masikio yangu hayana kasoro. Watu siku hizi wanasema mdomoni kama wanatafuna.

Sasa hilo gari. Umeandika "naambiwa." Nani amekuambia? Katika kazi yangu yote sijaona gari lililouzwa na mtu aliyesema ni bovu. Yote mazima, yote ya mama mmoja, yote hayajachubuka.

Nenda asubuhi, kabla halijawashwa. Weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, wameliwasha mapema ili usione linavyosumbua likiwa baridi, rudi nyumbani. Likiwa la baridi, washa, simama nyuma, tazama moshi. Wa bluu ni oili inaungua. Halafu inua kapeti, lote, mpaka bati. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, maana watu huosha ile sehemu inayoonekana tu na tope hubaki kwenye ile inayojikunja ndani. Namba ya chesisi isome kwenye bati kwa macho yako mwenyewe na uilinganishe na iliyo kwenye kadi ya gari. Usisomewe. Kadi iwe halisi, si fotokopi, na mwenye jina lililo kwenye kadi aje mwenyewe na kitambulisho chake. Mamlaka ya mapato ukaulize kama jina ni hilo. Na uwe na fundi, tena asiwe fundi uliyeletewa na muuzaji.

Pesa usitoe hata senti mpaka hayo yaishe.

Nijibu mambo matatu. Mwenye gari anaitwa nani? Nani amekupeleka kwake? Kadi umeiona?

Babako mdogo,
Venance

Mbagala Kizuiani,
14 Aprili, 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Hongereni kwa mjukuu wa Newala. Pasaka tumekula vizuri, ila mvua imetukalisha ndani siku nne na uani kwetu bata wanaogelea. Anna amefaulu hisabati kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Edgar amempigia simu kila mtu anayemjua.

Gari nimeliona. Baba, ni zuri. Jeupe, ndani linanukia marashi, viti vimevalishwa vitambaa vipya. Mwenye nalo anaitwa mama Kokuberwa, nyumba yake ina geti la umeme, kwa hiyo si mtu wa kuhangaika na vijisenti. Kadi nimeiona, yaani fotokopi, ile halisi iko kwa mtoto wake Arusha. Boneti lilikuwa na joto kidogo, wakasema walikuwa wanalisogeza lisilowe. Mkanda niliuvuta, lakini si mpaka mwisho, nilikuwa nimevaa gauni la kitenge na simu inaita. Kapeti limegundishwa, sikutaka kumharibia mtu gari lake.

Moshi sikuuona, mvua ilikuwa inanyesha.

Najua utasema nini. Lakini Brightson wiki hii ametazama saa mara mbili.

Mwanao,
Eufrazia

Masasi,
2 Mei, 2024

Eufrazia,

Marahaba. Hapa wazima. Goti limekwenda hospitali hatimaye, limepewa vidonge na limerudi kubangua korosho.

Nimesoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nilimwomba mama yako mdogo aisome kwa sauti kwa kuwa sikuamini macho yangu. Nilikuambia boneti likiwa la moto rudi nyumbani. Hukurudi. Nilikuambia uinue kapeti, ukamwonea mtu haya. Nilikuambia uvute mkanda mpaka mwisho, ukanieleza habari za kitenge. Nauliza, barua yangu ulisoma wewe au ulimpa bata?

Marashi ndani ya gari la mizigo ni ya nini? Gari la kubebea maua linanuka udongo na mbolea. Mtu anayenyunyizia marashi anafunika harufu, na vitambaa vipya vinafunika kitu kilicho chini yake. Kapeti halina haja ya gundi.

Tena nimeuliza mambo matatu, umenijibu moja na nusu. Nani amekupeleka kwa huyo mama? Hilo umeliruka kama shimo la barabarani. Mimi ni mzee, si mjinga. Mtu akiruka swali, jibu lipo hapo hapo aliporuka.

Sitaandika tena mpaka nipate jina la huyo dalali.

Venance

Mbagala Kizuiani,
19 Mei, 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Sie wazima. Leo sina habari nyingine za nyumbani, nisije nikajificha nyuma yake.

Dalali ni Deogratias.

Ulimwambia asikanyage uwanja wako, na miaka tisa hakuna anayemtaja mbele yako. Hata barua yako ya Machi umeandika "watoto wetu wote wawili." Baba, ni watatu. Mie niliposoma pale niliikunja barua nikaenda kuosha masufuria.

Alinikuta hapa Mbagala miaka miwili iliyopita, sokoni, nikinunua mchele. Alinibebea gunia mpaka nyumbani. Tangu hapo anakuja, anakula, anamfundisha Anna hisabati, ndiyo maana amefaulu. Kazi yake ni udalali wa magari, hana gereji, hana hata jeki. Aliniomba nisikwambie. Nikakubali, na sasa naona nimefanya vibaya kwenu wote wawili.

Kuna lingine. Advansi nilishaitoa, tangu tarehe kumi Machi, kabla jibu lako halijafika. Laki tisa. Nilimpa Deo, akampa mama Kokuberwa, akaniletea risiti ya mkono. Nilipomsomea masharti yako alicheka, akasema, "Hayo ni maneno ya mzee kabisa." Kisha akaaga bila kumaliza chai.

Sijui anajua nini kuhusu lile gari. Nimeogopa kumwuliza. Ni mdogo wangu.

Eufrazia

Masasi,
8 Juni, 2024

Eufrazia,

Marahaba. Barua imefika. Mama yako mdogo ameisoma kabla yangu, na kwa siku mbili chakula kilikuwa hakina chumvi.

Kuhusu uliyemtaja sina la kusema.

Kuhusu gari. Mwambie huyo dalali kwamba fundi atakuja, na fundi hatamchagua yeye. Hapo kwenu Charambe yuko Mfaume, ana gereji nyuma ya msikiti. Alijifunza kwangu miaka sita. Mwambie nimekutuma. Alikuwa mzito wa kuelewa, lakini alichokielewa hakikumtoka. Mwambie huyo dalali gari liletwe gereji, si fundi apelekwe Mbweni. Wakikataa kulileta, jibu umelipata. Mwambie huyo dalali pia kwamba risiti ya mkono isiyo na namba ya kitambulisho ni karatasi ya kufungia karanga, naye analijua hilo, kwa sababu kuna mtu alimfundisha.

Ulitoa pesa wiki moja baada ya kuniandikia. Sasa barua ya kuniuliza nitazame nini ilikuwa ya nini? Mtu anauliza njia akiwa ameshafika.

Mwalimu Erasmus anakusalimu. Mkewe Restituta naye, anatembea na ile fimbo yake.

Venance

Mbagala Kizuiani,
30 Juni, 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama mdogo mwambie chumvi airudishe, aliyekosa ni mie.

Gari lililetwa Charambe Jumanne asubuhi. Deo alikuja analiendesha mwenyewe, mama Kokuberwa hakuja. Mfaume ana mvi sasa. Nilipotaja jina lako aliinuka kwenye kigoda, akafuta mikono, kisha ndipo akanisalimia.

Alikwenda moja kwa moja kwenye mkanda wa dereva, akauvuta taratibu, ukatoka msafi, ukatoka msafi, halafu ukatoka na rangi ya chai ya maziwa. Tope lilikuwa limekauka kwenye mshono. Akachukua kisu akakata gundi ya kapeti. Chini yake bati limekula kutu, na mchanga, baba, mchanga wa kuweza kupandia mchicha. Akafungua kisanduku cha fyuzi, waya zimeota ukungu wa kijani. Akasema, "Hili gari lilizama. Maji yalifika usawa wa usukani. Litatembea miezi miwili, mitatu, halafu siku moja litazima katikati ya barabara na halitakupa taarifa."

Nikamgeukia Deo. "Ulijua?"

"Nilijua maji yaliingia uani kwa yule mama, zile mvua za Desemba," akasema. "Mie aliniambia yaliishia kwenye tairi."

"Ukatazama?"

"Sikutazama."

"Kwa nini hukutazama, Deo? Kapeti hujui kuinua?"

Akasema, "Dada, nikiinua nikakuta, sina cha kuuza."

Sijawahi kumpiga mtu mzima, lakini pale nilijikuta nimeinua mkono kana kwamba nimeshika mwiko. Mfaume akaenda kunawa mikono ambayo alikuwa ameshainawa.

Siku hiyo hiyo Deo alilirudisha gari Mbweni. Akakaa nje ya lile geti la umeme. Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa yake na mjumbe wa mtaa na Mfaume na picha za ule mkanda. Ijumaa ameniletea laki tisa yote. Laki mbili kati ya hizo najua aliongeza ya kwake, kwa sababu zilikuwa noti zilizokunjwa ndogo ndogo.

Alipokuwa anazihesabu juu ya meza yangu, nikamwambia maneno niliyoyabeba tangu Jumanne. Nikamwambia, "Ndivyo ulivyomfanyia Mwalimu Erasmus. Ulimuuzia gari huku unajua breki hazifai, mkewe akavunjika nyonga kwenye mteremko wa Ndanda." Hakukasirika. Akasema, "Gari la mwalimu nililitazama, ila magurudumu sikuyafungua. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nilijua litapita mkononi kwa mzee. Mwalimu alisema hanunui mpaka mzee alitazame. Muulize mzee kama alizitazama breki."

Basi nakuuliza. Na baba, niseme ukweli, nimechoka. Wewe unaniambia "mwambie huyo dalali," yeye ananiambia "muulize mzee." Nina masufuria manne jikoni, nina watu sitini na wawili wanasubiri kula, na Brightson ameshagawa kazi, kuanzia kesho mie nimebakiwa na watu thelathini, wengine kapewa mama wa Kibada ambaye ana gari. Kati yenu nyie wawili mie ndiye ninayelipa nauli.

Eufrazia

Masasi,
27 Julai, 2024

Mwanangu Eufrazia,

Marahaba. Hapa wazima. Nimechelewa kujibu, na safari hii mwenye duka hana kosa. Barua niliipokea baada ya siku sita.

Pole kwa kazi iliyopungua. Mfaume ameniandikia naye mistari minne, anasema ulisimama vizuri.

Sikuzitazama.

Nimeandika neno hilo kwenye karatasi tatu kabla ya hii. Erasmus alileta gari hapa nyumbani, mkewe ameketi ndani yake. Deogratias akasema, "Baba, nimeshalipitia." Erasmus alinitazama mimi, hakumtazama yeye, maana aliyeaminika mji huu nilikuwa mimi. Nikazunguka gari mara moja. Nikapiga teke tairi kama wanavyopiga watu wasiojua kitu. Nikasema, "Chukua mwalimu, gari zima." Wiki tatu baadaye bomba la breki ya nyuma lilipasuka mteremkoni. Lilikuwa limeliwa na kutu. Mtu yeyote aliyelala chini yake kwa dakika moja angeliona. Nililiona mimi mwenyewe gari lilipovutwa kuletwa polisi, na niliyemgeukia mbele za watu nikamwita mwuaji ni mtoto wangu.

Alikuwa na kosa lake. Lakini mimi ndiye nilikuwa fundi. Yeye alikuwa dalali wa miezi minane anayemtegemea baba yake. Alisubiri niseme, pale polisi. Nilimwona anasubiri. Nikasema kingine.

Baadaye ilikuwa rahisi kumkataza asije kuliko kukaa naye meza moja, kwa sababu ni yeye peke yake aliyejua. Mama yake alikisia. Hakuniuliza, akawa anaweka sahani ya ziada Krismasi kisha anaiondoa, miaka tisa.

Mwambie. Hapana, usimwambie kitu. Mwonyeshe barua hii, asome mwenyewe. Mwandiko wangu anaujua.

Na gari bado unalihitaji. Mwombe Deogratias akutafutie jingine. Si kwamba nimemsamehe, au amenisamehe, hayo sijui. Ni kwa sababu mtu aliyekaa siku tatu nje ya geti la mwenzake hatarudia tena kuliacha kapeti.

Venance

Mbagala Kizuiani,
8 Septemba, 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Anna anakusalimu, Edgar ameanza zamu ya jioni na sasa ananuna kama mtoto.

Barua yako nilimpa Deo Jumamosi moja ya mwezi uliopita. Aliisoma amesimama mlangoni, akaikunja, akaniuliza kama anaweza kukaa nayo. Nikamwambia ni yake. Akaenda uani akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sikumfuata. Alipoingia alikuwa amenawa uso, akasema, "Dada, kirikuu yako nimeshaiona, iko Tandika. Kesho kutwa saa kumi na mbili asubuhi uwe tayari, na usivae gauni."

Mwenye nayo ni mzee Adelard, karani mstaafu, mtu wa Bukoba. Baba, ni kama mlizaliwa siku moja. Ana daftari, kila oili aliyobadilisha ameandika tarehe na jina la fundi. Gari lenyewe ni la buluu iliyopauka, mlango wa kushoto umebonyea, na alituonyesha pale palipobonyea kabla hatujapaona. Kisha akaanza kutuhoji sie: litalala wapi, litabeba nini, nani ataliendesha, huyo dereva ana leseni ya tangu lini. Edgar alijibu kama yuko mahakamani.

Deo aliweka kiganja kwenye boneti kwanza. Baridi. Akavuta mikanda yote miwili mpaka mwisho. Akainua kapeti, mzee Adelard akamshikia upande mmoja. Kisha akaazima jeki kwa jirani na kufungua magurudumu yote manne, moja moja, Mfaume amesimama tu anatazama. Akalala chini kwenye vumbi na tochi. Kuanzia saa moja mpaka saa tano. Mzee Adelard akaninong'oneza, "Huyu kijana ana wasiwasi sana." Nikamwambia ni kazi ya ukoo.

Alipotoka akasema bomba moja la breki linaanza kutu, libadilishwe kabla hatujalipa. Likabadilishwa siku hiyo hiyo. Namba ya chesisi nimeisoma mwenyewe kwa kinywa changu, Edgar ameshika kadi, kadi halisi. Mapato tumekwenda, jina ni la mzee. Mkataba tumeandikiana kwa mwanasheria, pesa imepita benki, na umiliki umeshahamia jina langu. Deo alichukua udalali wake kamili na akaniandikia risiti yenye namba ya kitambulisho. Nilifurahi kwamba hakunionea huruma.

Leo ni wiki ya pili. Wali unafika Kimbiji unatoa moshi. Jana Brightson alikula sahani mbili, hakutazama saa. Watu bado ni thelathini, lakini yule mama wa Kibada ameambiwa mchele wake una mawe.

Deo ameniambia nikuandikie jambo moja tu, nami naliandika kama alivyolisema: "Mimi nimesoma. Lakini aliyevunjika si mimi."

Mwanao,
Eufrazia

Masasi,
3 Oktoba, 2024

Mwanangu Eufrazia,

Marahaba kwa wote. Nimefurahi kusikia habari za gari. Bomba lile moja likianza kutu, mengine hayako mbali, mwambie Mfaume ayatazame yote Desemba.

Nimekwenda kwa Mwalimu Erasmus. Nilikwenda Jumatano saa tatu, baada ya kupita nje ya nyumba yao Jumatatu na Jumanne. Yeye alikuwa shuleni. Restituta alikuwa barazani anachagua mbaazi, fimbo yake ameiegemeza ukutani. Alinionyesha kiti. Nikakaa nikasema yote, nadhani nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu jirani alifunga dirisha.

Alinijibu, sikusikia. Akarudia, sikusikia. Basi akanyoosha mkono akachukua daftari la zamani la maandalio ya masomo, akaandika kwa herufi kubwa kama za ubaoni, akanigeuzia. Aliandika hivi: "Siku ile ulikuja kwenye gari umevaa suruali nyeupe. Ulipoondoka ilikuwa bado nyeupe."

Alijua tangu siku ya kwanza. Miaka tisa nimekaa kanisani benchi mbili nyuma ya mwanamke huyo nikidhani nimejificha.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaandika tena: "Lilikuwa lako kusema. Deo alikuja hospitali mara tatu. Wewe hukuja."

Nikachukua ungo nikaanza kuchagua mbaazi naye, mpaka Erasmus aliporudi saa nane, nikamwambia na yeye upya, kuanzia mwanzo. Erasmus alikwenda ndani, nikadhani ameenda kunifungia mlango, kumbe alileta maji ya kunawa. Tulikula. Hakuna aliyesema nimesamehewa, nami sikuuliza.

Nilipofika nyumbani mama yako mdogo alikuwa mlangoni. Nilimwambia nilikotoka. Alikwenda chumbani akatoka na mkoba, goti lile lile, akasema, "Tiketi ni Ijumaa. Kama huendi, nakwenda peke yangu."

Tunakuja wote. Tutashuka Mbagala Ijumaa jioni. Deogratias mwambie kwamba nimekwenda kwa mwalimu, basi, usimwongezee. Yaliyobaki nitamwambia kwa mdomo wangu, na asipofungua mlango nitakaa nje, nina nafasi.

Barua hii anakuja nayo kondakta wa leo. Usiijibu, tutapishana nayo njiani.

Babako mdogo,
Venance